Mji Walionipa Wanangu

Kitendawili chenyewe nilikitunga nikiosha sufuria. Nasema sufuria kwa sababu ni moja tu. Mtu akiishi peke yake vyombo vyake hupungua mpaka vinatia aibu: sufuria moja, sahani moja, kikombe na kijiko, unamaliza kuviosha povu halijapanda hata kwenye viwiko. Zamani nilikuwa nikiosha vyombo huku nikiamua ugomvi wa nani kala mkate wa nani. Siku hizi naosha huku natunga vitendawili, na wa kumtegea simpati mpaka Jumapili.

Jumapili ndiyo siku yangu. Saa kumi jioni mjukuu wangu hunipigia simu. Ana miaka tisa, na tangu aanze kusema hajawahi kupewa jibu asiulize swali jingine juu yake, ndiyo maana ukoo mzima tunamwita Kwanini. Mama yake ni binti yangu wa katikati, nesi wa hospitali, na sisi nyumbani tunamwita Nesi tu, kama vile hakuna mwingine duniani. Kwanini akishanipa shikamoo yangu na mimi nikaitika marahaba, hatupotezi muda. Tunaingia kwenye vitendawili, kwa sheria zile zile nilizowalea nazo wanangu: ukishindwa kujibu, unanipa mji. Nikiupenda naupokea, nasema nilikwenda huko nikaona hiki na kile, ndipo natoa jibu. Nisipoupenda naukataa mpaka nipewe mwingine. Kwa hesabu yangu nimeshapewa miji yote ya dunia hii, mingine mara mbili mbili, na sijakanyaga hata mmoja.

Jumapili ile walikuwa wamekusanyika nyumbani kwa mwanangu wa kwanza, Mkubwa, mtunza ghala. Mkewe alikuwa amepandishwa cheo kazini, wakampikia. Mimi niliambiwa kwamba safari ingekuwa ndefu mno kwa magoti yangu, na niliambiwa hivyo chakula kikiwa tayari mezani. Basi wakaiweka simu katikati ya sahani, sauti juu kabisa, nikawa mgeni asiye na kiti.

"Kitendawili!" nikasema.

"Tega!"

Waliitika wote kwa pamoja. Mkubwa, mkewe, Nesi, Kwanini, na Kitinda, mwanangu wa mwisho, kinyozi. Sauti tano. Sikuwa nimezisikia pamoja tangu siku tuliyomzika baba yao, na hiyo ni miaka minne. Nilishika ukingo wa meza kwanza.

"Kinywa kipana lakini hakitafuni. Kinameza habari za watu wote, na hakijui hata moja."

"Simu!" akaruka Kwanini.

"Simu inajua mpaka saa unayolala. Siyo."

"Huyo ni kinyozi," akasema Nesi. "Tunaye hapa hapa mezani, na kinywa chenyewe kimejaa."

"Alaa! Mimi nazijua zote," akajibu Kitinda. "Tena nazitangaza bure. Kaa upande dada, uachie wenye akili. Mama, ni kisima?"

"Nani anatupa habari kisimani, we mtoto?"

"Pipa la taka," akasema mkwe wangu kwa heshima, kana kwamba ananiomba radhi.

"Siyo, mwanangu."

Mkubwa akasema hajui, na akimaliza kutafuna pia hatajua.

Jibu lilikuwa sanduku la barua. Lile jekundu, la kusimama nje ya posta, lenye mdomo wa chuma. Nilifanya kazi posta miaka thelathini na mmoja, nyuma ya kaunta, kwenye chumba cha kuchambua barua. Watoto hawa wamelishwa na mdomo ule, wamevalishwa viatu na mdomo ule. Nilidhani angalau mmoja atapiga kelele kabla sijamaliza kutega. Watu watatu niliowazaa, na hakuna aliyelikumbuka.

Lakini sikuwalaumu sana. Hawakuwahi kuniona kazini. Mtoto hakuruhusiwa kupita nyuma ya kaunta, hata wa mkuu wa posta mwenyewe. Walichokuwa wakikiona ni mama anayerudi jioni ananuka gundi, anaomba beseni la maji ya moto aweke miguu.

"Mmeshindwa," nikasema. "Nipeni mji."

Wakanipa wa kwanza nikaukataa, una kelele. Wakanipa wa pili nikasema nilishapewa mwaka jana na sikupenda malazi. Wakacheka. Wa tatu nikasema una baridi. Ndipo Mkubwa akasema, "Basi Mama, tunakupa ule mji wa zamani, ule wa kwenye televisheni. Na huo tutakupeleka wenyewe. Sote!"

Wakapiga makofi wote.

Mji ule nilikuwa nimeuona kwenye televisheni wiki hiyo hiyo. Ni mji mdogo waliouhifadhi kama ulivyokuwa wakati wa ujana wetu. Watu wameajiriwa kuuishi: mhunzi anafua chuma, mwokaji anaoka mkate kwenye tanuri la kuni, mwalimu anafundisha kwa kibao na chaki, na wote wamevaa nguo za enzi hizo na wanasema na wageni kana kwamba mwaka bado ni ule ule. Kamera ilipita haraka, lakini niliona. Ilikuwapo posta. Na nyuma ya kaunta, ukutani, kabati la vijumba vya kuchambulia barua, safu nane kwenda juu, kumi na mbili kwenda pembeni. Niliinuka kwenye kiti bila kushika magoti.

"Nimeupokea," nikawaambia. "Na jibu mtalipata tukifika."

"Mama! Huo si uonevu?" akasema Kitinda.

"Huo ni utaratibu."

Kesho yake nilinunua daftari.

Sikuwa na haja ya kuuliza nani ataka kwenda, walishasema wote. Nilichotakiwa kufanya ni kupanga. Nikaenda kituo cha mabasi nikauliza: basi la saa moja asubuhi, mwendo wa saa mbili, linashusha abiria langoni kabisa. Nikachora viti kwenye daftari. Kwanini dirishani, mimi kando yake, maana maswali yake yanataka mtu wa karibu. Mkubwa kiti cha njiani, kando ya upenyo wa katikati, kwa sababu ya miguu yake mirefu. Kitinda nyuma yetu ili nimsikie akichokoza watu. Mkwe na Nesi pamoja, wanapatana. Nikaandika nani atabeba maji, nani mwavuli. Mayai ya kuchemsha nitaleta mimi, mawili kwa kila mtu.

Nikapiga simu mjini kwenyewe. Aliyepokea alikuwa dada mwenye sauti ya asali, akaniambia tiketi ya familia huanzia watu watano.

"Sisi ni sita," nikamwambia.

"Hongera, mama. Siku hizi familia hazifiki."

Nikaandikisha Jumamosi ya pili ya mwezi uliofuata. Kisha nikaingia kwenye lile kundi la familia la kwenye simu, nikarekodi kwa sauti yangu siku, saa, basi, mayai, mpaka nani anakaa wapi. Nikasikiliza mwenyewe mara mbili nikaona imetulia, nikaituma.

Jibu la kwanza lilikuwa dole gumba. La pili dole gumba. Mpaka jua linazama yalikuwa madole matano, Kwanini amebonyeza lake kwa simu ya mama yake.

Hapa lazima niwaeleze kitu kuhusu posta. Barua ya rejista haikabidhiwi hivi hivi. Mwenyewe anakuja, anatia saini kwenye kitabu, na kama hajui kuandika anachovya dole gumba kwenye wino na kulikandamiza kwenye mstari wake. Dole likishakaa pale, barua ni yake. Hata akilia kwamba ina habari mbaya, hairudi kaunta. Miaka thelathini na mmoja niliishi na kitabu kile. Sasa mtu wa namna hiyo ukimpelekea madole matano, ataelewa nini? Nikaandika kwenye daftari: Wamepokea wote. Nikapiga mstari chini.

Chini ya chumba changu kuna kibanda cha fundi saa, mzee mjane kama mimi, mwenye mdomo usiopumzika. Nilipompelekea saa yangu ya mkononi aitie betri, akanitazama juu ya miwani.

"Bi Posta, mbona leo unang'aa? Umepata mchumba?"

"Nimepata safari. Na wanangu wote."

"Wote watatu? Siku moja?" Akaigeuza saa. "Hii nitaitia betri mpya kabisa. Siku kama hiyo usiambiwe imesimama."

"Kinachokusumbua ni wivu, Fundi."

"Ndiyo," akasema, na safari hii hakucheka. "Kiti kikibaki kwenye basi, mimi mguu wangu mwepesi."

"Hakibaki. Nimeshavichora."

Siku zilizofuata nilipanda na kushuka ngazi zetu mara tatu kila asubuhi kuyafundisha magoti. Nikafungua sanduku la chini ya kitanda nikatafuta kofia yangu ya kidole. Ni kijikofia cha mpira, chenye vipele vipele, mchambuaji barua anakivaa kidoleni ili karatasi zisiteleze. Kilikuwa kimekauka kama ganda la ndizi la juzi. Nikakipaka mafuta, nikakilaza kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, kila siku nikikikanda kidogo, mpaka kikakubali kuingia. Nikasimama mbele ya ukuta mtupu wa chumba changu, nikarusha bahasha za hewa kwenye vijumba vya hewa. Mkono ulikumbuka. Nilikuwa nikirusha barua elfu mbili kwa zamu, bila kutazama, na wenzangu walikuwa wakisimama kunitazama. Nilitaka wanangu wasimame pale walipokuwa wakisimama wenzangu. Mara moja tu. Waone zile jioni za beseni zilikuwa zinatoka wapi.

Jumatano ya wiki yenyewe Mkubwa akapiga.

"Shikamoo Mama. Sikiliza, wametuletea watu wa ukaguzi. Jumamosi tunahesabu ghala zima, hakuna ruhusa."

"Ghala halihesabiki Ijumaa?"

"Mama, mimi ndiye mwenye funguo."

"Na mkeo?"

"Ataniletea chakula. Unajua nisipokula kwa wakati navyokuwa."

Nikamwambia najua, nilimzaa mimi. Nikafuta viti viwili. Nikampangia Kitinda kiti cha njiani.

Alhamisi, Nesi. Alikuwa anaongea kwa kunong'ona, nyuma yake gari la vyombo linalia likisukumwa. Mwenzake amejifungua kabla ya siku zake, wodi haina mtu, amepewa zamu ya Jumamosi asubuhi.

"Niachie basi Kwanini," nikasema. "Nitamfuata mwenyewe."

"Ufike huku, urudi, uende huko, halafu unirudishie? Mama, na magoti yale? Hapana. Nisamehe mama'angu. Tutakwenda siku nyingine."

"Siku gani?"

Likapita gari jingine la vyombo.

"Nyingine," akasema.

Ijumaa nilimpigia Kitinda mimi mwenyewe, nikaona afadhali nilifuate jambo kuliko kulingoja. Mashine ya kunyolea ilikuwa inaunguruma, akaizima.

"Mama, Jumamosi? Jumamosi ndiyo vichwa vyote vya mji huu vinakuja hapa. Nikifunga Jumamosi nimefunga wiki."

"Ulituma dole gumba."

"Dole gumba maana yake nimesikia."

"Na mji mlinipa."

Mteja wake akakohoa. Kisha mwanangu akasema taratibu, bila ubaya wowote, na hicho ndicho kilichoniumiza, kwamba hakukuwa na ubaya: "Mama, ule si ulikuwa mchezo wa vitendawili? Mji wa kitendawili nani anampeleka mtu?"

Ni kweli. Hakuna. Miaka yote nimepewa miji na sijawahi kumdai mtu nauli. Sijui kwa nini mara hii nilikwenda kununua daftari.

"Haya baba, endelea na kazi," nikamwambia. "Usije ukamkata mtu sikio."

Nilikuwa nimeshachemsha mayai, kwa hesabu ile ile ya kwanza ya daftari. Yai likishachemshwa halirudi kuwa bichi, kwa hiyo asubuhi ya Jumamosi niliyafunga yote kumi na mawili kwenye kitambaa, nikavaa viatu vyangu vya kufunga kamba, nikatia kofia ya kidole mfukoni. Fundi saa alikuwa anafungua kibanda. Akatazama kikapu, akatazama ngazi nyuma yangu kama kuna wengine wanashuka.

"Watanikuta kituoni," nikasema.

"Safari njema, Bi Posta," akajibu, akainamia kufuli lake muda mrefu kuliko kufuli linavyohitaji.

Ningeweza kumwambia njoo. Kiti kilikuwapo, tena vitano. Lakini nilikuwa nimeshasema ni safari ya familia, na kulitamka jingine mdomo ulikataa.

Kwenye basi nilikaa kiti cha njiani. Cha dirishani nilikiacha, nikaweka kikapu. Kila abiria aliyeuliza "Pana mtu hapa?" nilimwambia pana, mpaka tulipofika kituo cha tatu akapanda mama na mzigo mgongoni, nikaona haya, nikakipakata kikapu.

Langoni nikamkuta yule dada wa sauti ya asali, amevaa gauni refu la kitambaa kizito na kofia ya majani, jasho linamtiririka.

"Familia ya watu sita!" akasema kwa furaha, akitafuta nyuma yangu. "Wako wapi wenzako, mama?"

"Wanakuja nyuma."

Akanipa vijikaratasi sita vya kubandika kifuani. Nikabandika kimoja, vitano nikavitia mfukoni pamoja na kofia ya kidole.

Mji wenyewe ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Barabara ya mawe, taa za mafuta, harufu ya mkate. Mhunzi akaniamkia na kuniuliza kama nimesikia kwamba treni mpya imefika. Nikamwambia nimesikia, miaka hamsini iliyopita. Akacheka kidogo, akarudi haraka kwenye mwaka wake. Kila mahali familia za watu: baba anapigwa picha ameshika nyundo, watoto wanagombea kengele ya shule. Mtu aliye peke yake katika mji kama huo haonekani mgeni, anaonekana mfanyakazi. Mara mbili niliulizwa choo kiko wapi.

Sikupita darasani wala kwa mwokaji. Nilikwenda posta moja kwa moja.

Sanduku lilikuwapo nje, jekundu, kinywa wazi. Nikaliwekea mkono kichwani. Ndani, nyuma ya kaunta, alisimama karani mwenye sare ya bluu na masharubu makubwa ya gundi. Upande mmoja ulikuwa umebanduka kwa joto, ukawa unapepea akisema. Alikuwa anawaonyesha wageni jinsi barua zilivyochambuliwa. Anachukua moja, anaisoma, anautafuta mji wake kwenye vijumba, anakwenda, anaiweka, anarudi.

Nilivumilia barua tano.

"Mwanangu," nikasema, "kwa mwendo huo treni imeshaondoka."

Watu wakageuka. Karani akalibonyeza sharubu lake. "Mama anaijua kazi?"

"Shikilia kwa mkono wa kushoto, bahasha zikutazame. Usiende kwenye kijumba. Kiache kijumba kikungoje, barua ndiyo iende."

Alitazama kushoto na kulia, nafikiri anamtafuta mkubwa wake. Kisha akafanya jambo ambalo katika miaka thelathini na mmoja sikuona likifanyiwa mtu wa nje: akafungua kile kibao cha kaunta, akanikaribisha ndani.

Nikavaa kofia ya kidole. Barua zilikuwa za bandia, karatasi tupu ndani, lakini uzito wake ulikuwa sawa. Majina ya miji yameandikwa juu ya vijumba, nikayapitia mara moja. Halafu nikaanza. Ya kwanza iligonga ukingo ikaanguka. Ya pili ikaingia. Ya tatu, ya nne, kisha mkono ukanipokonya kazi, nikawa nasikia tu, tap, tap, tap, kama mvua inayoanza kwenye bati. Sijui nilirusha ngapi. Nilipomaliza fungu, wakapiga makofi. Baba mmoja akambeba mwanawe mabegani ili aone. Mtoto akauliza, "Kwa nini haangalii?"

Niligeuka upesi mno, goti likapiga kelele. Hakuwa wangu. Alikuwa mtoto wa watu, ameshika mkate.

Walikuwa wamesimama pale pale nilipopataka, upande wa kulia wa kaunta, panapoonekana vizuri. Watu wema wote. Wakapiga picha, wakaondoka kwenda kwa mhunzi.

"Mama uko na nani?" akaniuliza karani tulipobaki wawili. Alikuwa amesahau kusema kizamani.

"Niko na familia ya watu sita," nikasema, nikamwonyesha vile vijikaratasi vitano. Akanivutia kigoda, akanipa maji. Sharubu likaanguka kwenye kikombe changu, tukacheka mpaka nikafuta macho, na macho yakaendelea kidogo baada ya kicheko kwisha.

Ndipo nilipoiona, pembeni ya dirisha, rafu ndogo yenye kibao: BARUA ZA KUNGOJA WENYEWE. Tulikuwa nayo hata sisi. Kama humjui mtu anakaa wapi, au yuko njiani, unamwandikia jina lake na jina la posta tu. Barua inakaa kaunta. Haipelekwi, haipigiwi kengele mlangoni. Anakuja mwenyewe, anajitambulisha, anatia saini au dole gumba, anapewa. Hapewi mwingine.

"Rafu hii inafanya kazi?" nikauliza.

"Ni pambo tu, mama."

"Nipe bahasha."

Niliandika polepole, mwandiko wangu ni wa darasa la saba lakini unasomeka. Niliandika jibu la kitendawili. Chini yake nikaandika kwamba mama yao alifanya kazi mbele ya kabati kama hili, na kwamba wakisimama upande wa kulia wa kaunta wataona vijumba vyote bila kuzibwa na nguzo. Nikaandika kwamba niliwachorea viti, na nani alikuwa akae wapi. Nilitaka kuandika na jingine, nikaona karatasi imetosha. Nikaifunga. Juu nikaandika majina yao yote matano kamili, yale ya vyeti, na jina la posta ile.

Karani akaipokea kwa mikono miwili. "Niiweke mpaka lini?"

"Utaratibu ni siku thelathini. Zikipita unapiga muhuri wa Haikuchukuliwa, unamrudishia aliyeandika."

Akafungua droo, akatafuta katika mihuri ya zamani, akautoa. Ulikuwapo. Tukautazama wote wawili pale mezani, kitu kidogo cha mbao na mpira.

"Siku thelathini," akasema, akaandika tarehe kwenye pembe, akaisimamisha barua kwenye rafu, peke yake.

Niliporudi jua lilikuwa bado lipo. Fundi saa alikuwa kibandani, amebana jichoni kile kioo chake cha kukuzia.

"Enhe, wamekuja?"

"Wote."

Akainua kitambaa cha kikapu kwa kidole kimoja, akahesabu kimya kimya. "Familia yenu haipendi mayai," akasema.

"Leta chumvi, Fundi."

Tukala pale pale kwenye benchi lake, manne yeye, mawili mimi. Hakuniuliza kitu. Kwake yeye hiyo ni kazi kubwa kuliko kufungua saa.

Kesho yake, saa kumi kamili, simu. Baada ya shikamoo Kwanini hakungoja.

"Bibi, ulikwenda kweli? Peke yako? Sasa utatupa jibu?"

"Nimeliacha huko. Liko posta, kwenye bahasha yenye majina yenu. Hapewi mtu mwingine."

"Kwa nini hukuja nalo?"

"Kwa sababu mlinipa mji, na jibu linatolewa mjini. Niwekee sauti ya juu, mama yako asikie."

Akaweka. Nikasema tarehe, nikasema siku thelathini, nikasema na muhuri, bila kuongeza chumvi. Nikasikia kiti kikisogezwa, kisha mlio ninaoujua hata nikiwa usingizini, wa karatasi inayobanduliwa ukutani. Ilikuwa ratiba ya zamu ya Nesi.

"Bibi," akasema Kwanini, "posta wanafungua saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Na basi?"

Nilivuta daftari.